Gray Ghost Kikiwa Mwendoni

Vyambo vya manyoya alivyofunga Carrie Stevens siku hizi hukaa zaidi ukutani kuliko majini. Wakusanyaji huvinunua mnadani, huvitia kwenye fremu za kioo huku ubavu ukimwelekea mtazamaji, na sifa nyingi za kazi yake zimezaliwa mbele ya kioo hicho. Husifiwa ulaini wa manyoya, ulinganifu wa rangi, na ule utepe wa rangi ya chungwa aliouzungusha kwenye kichwa cheusi, ambao mpaka leo ndio unaotambulisha kazi ya mkono wake. Sifa hizo anazistahili. Tatizo ni kwamba zimetolewa na watu waliosimama mahali pasipo pake. Gray Ghost, chambo chake mashuhuri kuliko vyote, hakikufungwa ili kitazamwe kwa ubavu, wala kitazamwe kikiwa kimetulia. Kilifungwa kwa ajili ya samaki anayekijia kutoka chini na nyuma, ndani ya maji yanayokwenda. Anayetaka kukichagua vizuri, kukikokota ipasavyo na kukitunza kidumu, inambidi akisome kutoka huko aliko samaki.

Stevens alizaliwa mwaka 1882 katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki ya Marekani. Alikuwa mshonaji wa kofia za wanawake, na mumewe Wallace alikuwa akiwaongoza wavuvi wageni katika maziwa ya Rangeley. Waliishi Upper Dam, mahali ambapo maji ya ziwa Mooselookmeguntic hupita bwawani na kushukia ziwa Richardson. Tarehe 1 Julai 1924, akitumia chambo cha manyoya ya kijivu alichojifungia mwenyewe, alinasa hapo trauti wa ratili 6 na aunsi 13. Samaki huyo alimpatia nafasi ya pili katika mashindano ya jarida la Field & Stream, na maagizo yakaanza kumiminika. Gray Ghost kilitoka katika mkondo huo wa kazi. Hakufundishwa na mtu, wala hakutumia jiliwa: ndoana aliishika kwa vidole vya mkono mmoja, akafunga kwa mwingine, mpaka alipouza biashara yake mwaka 1953.

Ushonaji wa kofia si jambo la pembeni hapa, kwa kuwa ndio ulioizaa fani yenyewe. Mfungaji wa kawaida huweka unyoya mmoja mmoja kwenye ndoana na kuufunga kwa uzi, na kila unyoya hukaa unavyotaka. Stevens alianza mezani. Alichukua manyoya mawili marefu ya jogoo, ya kijivu chenye uzeituni, akayalaza pamoja. Juu yake akagandisha kwa gundi unyoya mpana wa fezanti wa fedha, uliofunika theluthi ya mbele tu, na juu ya huo akaweka unyoya mdogo wa kuku-mwitu wa kijivu wa India, wenye doa linalong'aa mfano wa jicho. Hilo likawa bawa zima la upande mmoja. Akatengeneza la pili kwa upande wa pili, ndipo akayafunga yote mawili kwenye ndoana, ubavuni mwa kichwa na si utosini. Kwa hiyo bega, shavu na jicho la chambo hiki havikupachikwa juu ya bawa baadaye kama pambo. Vyote ni kiungo kimoja, na majini huenda pamoja.

Sasa kigeuze. Kilaze kiganjani tumbo likiwa juu, maana huko ndiko samoni, samaki anayevuliwa kwa chambo hiki, anakotazamia. Kwanza utaona kiwiliwili: uzi wa hariri wa rangi ya chungwa umezungushwa mwembamba kwenye shina refu la ndoana, na juu yake utepe bapa wa fedha umepandishwa kwa mzunguko wenye nafasi, chungwa na fedha zikipokezana mpaka kichwani. Halafu utaona singa chache nyeupe za mkia wa kulungu, ndefu kupita mpindo wa ndoana, na pamoja nazo nyuzi nne au zaidi za unyoya wa tausi, za kijani iliyoiva kuelekea shaba. Kooni umekaa unyoya mfupi wa manjano kutoka kishungi cha fezanti wa dhahabu. Ukikirudisha ubavu, sehemu kubwa ya hayo yote hufichwa na bawa. Mtazamaji wa ukutani anaona chambo cha kijivu. Samoni anaona chungwa, fedha, nyeupe na kijani, na kijivu anakiona pembeni tu, kama mpaka wa umbo.

Hapa pana neno la kuuliza. Samaki anayeigwa na Gray Ghost ni smelti, samaki mdogo mwembamba ambaye ndiye chakula kikuu cha samoni wa maziwa ya Maine. Smelti ana mgongo wa kizeituni, ubavu wa fedha na tumbo jeupe. Kwa nini basi Stevens akaweka nyuzi za giza za tausi tumboni, mahali ambapo maumbile yameweka weupe? Kama kazi yake ingekuwa kunakili samaki kipande kwa kipande, hilo lingekuwa kosa la wazi. Mimi nalisoma kuwa ndiyo hekima kubwa ya kazi yote. Tumbo jeupe, likitazamwa kutoka chini dhidi ya anga lenye mwanga, hupotea. Ndiyo kazi ya weupe huo katika mwili wa samaki, kumficha asionekane na adui aliye chini. Chambo kazi yake ni kuonekana. Nyuzi za tausi zinaweka mstari wa giza katikati ya mwanga, mstari unaomwambia samoni kichwa kiko wapi na mkia uko wapi, na zikipinda kidogo hurudisha mmeto wa kijani na kuzima tena. Stevens alichukua kwa smelti kile ambacho smelti mwenyewe hukitoa kwa bahati mbaya, pale anapoyumba na kujifichua.

Ila hayo hayaonekani chambo kikiwa kiganjani. Kikavu, manyoya yamejitanua na umbo ni nene. Kiloweshe na ukivute, kila kitu hulala: mabawa hujibana kwenye kiwiliwili, singa hujikusanya, na unabaki na kitu chembamba kabisa. Punguza mwendo kidogo, mabawa hufunuka, na utepe wa fedha huchungulia kati yake. Ongeza, hujifunga. Fani ya chambo hiki ni kufunuka na kujifunga huku, na hakuna mahali kwenye ndoana unapoweza kuonyesha kwa kidole ukasema ndipo ilipo. Inazaliwa kati ya manyoya na kasi ya maji.

Upper Dam kasi hiyo ilitolewa na bwawa. Mvuvi alisimama, mkondo ukafanya kazi. Ziwani maji hayaendi popote, na mashua ndiyo inayochukua nafasi ya mkondo. Msomaji wa Shimoni au Pemba, anayekokota mshipi nyuma ya chombo kutafuta nguru na jodari, ataelewa upesi tofauti iliyopo: ukikokota, wewe ndiwe bwawa, na kila unachokigusa, kuanzia mtambo wa mashua mpaka fundo la mwisho, kinaingia katika umbo la chambo. Samoni wa Maine ni samoni wa Atlantiki wa aina inayomaliza maisha yake kwenye maji baridi bila kwenda baharini. Ziwa Sebago lilimpa jina la kisayansi, na mwaka 1907 ziwa hilohilo lilitoa samaki wa ratili 22 na nusu. Barafu ikiyeyuka majira ya kuchipua, smelti hukusanyika kwenye midomo ya vijito ili kutaga, samoni huwafuata karibu na uso wa maji, na huo ndio wakati wa Gray Ghost. Wavuvi wengi hukikokota kwa maili 2 hadi 3 kwa saa, wengine zaidi ya hapo, na wengi hawaachi ufito utulie: huuvuta mbele na kuurudisha, ili manyoya yapate ule mpishano wa kufunuka na kufunga.

Mashua isiende moja kwa moja. Ukikata kona, mshipi wa upande wa nje huongeza kasi na chambo chake hupanda; wa upande wa ndani hulegea, na chambo chake huzama na kujifunua. Samaki akishika katika kona, tazama ameshika upande gani. Kama ni wa nje, anataka mwendo zaidi ya ule uliokuwa nao. Kama ni wa ndani, punguza. Ni jibu la bure kutoka kwa mlengwa mwenyewe, na linafaa kuliko kubadilisha rangi za chambo mchana kutwa, tabia ambayo wauzaji wa vyambo hawana sababu ya kuikemea.

Linganisha na kijiko. Julio Buel wa jimbo la Vermont alipata hataza ya kijiko cha kuvulia mwaka 1852, na mpaka leo vijiko vya shaba na fedha vinawanasa samoni vizuri sana, kikiwemo Mooselook Wobbler, kinachobeba jina la ziwa la hapohapo Rangeley. Kijiko kina mtambo wake ndani ya umbo. Kunjo la bati ndilo linaloamua kitayumba vipi na kwa kasi gani: kikokote polepole mno kitaning'inia, haraka mno kitapinduka na kuzunguka kama pia. Kati ya hapo kinafanya kazi hata kama mvuvi amesinzia. Ni fani ya heshima, ila imefungwa, imeshaamuliwa kiwandani. Gray Ghost hakina mtambo. Mwendo wote kimeazima, na kwa hiyo kinamdai mvuvi mambo ambayo kijiko hakimdai.

La kwanza linadaiwa dukani. Nakala za Gray Ghost ni nyingi, na nyingi zimefungwa na watu waliosoma picha ya ubavu tu. Kosa linalorudiwa zaidi ni bawa lililosimamishwa utosini. Kwenye kadi ya duka linapendeza, lakini majini linashika maji kwa upande mmoja, chambo kinalala ubavu na kuanza kujizungusha, na mshipi unasokotwa mpaka unajikunja wenyewe. Kosa la pili ni wingi wa singa. Mfungaji anadhani anampa mnunuzi thamani ya fedha yake, kumbe ameziba njia ya mwanga kufika kwenye chungwa na fedha. Kosa la tatu ni kiwiliwili kinene chenye vinundu, ambacho hakiruhusu bawa kujibana. Kwa hiyo usikinunue kwa kukitazama kilivyoning'inizwa. Kigeuze tumbo. Ukiona kiwiliwili na mistari yake ya fedha bila kupekua, umepata mfungaji aliyeelewa. Kisha omba bakuli la maji, kichovye na ukivute mara moja: kikitoka chembamba, na mabawa mawili yamelala sawa, kinunue. Jicho la kuku-mwitu leo hupatikana kwa ndege wa kufugwa, na vyambo vya bei nafuu hutumia la plastiki. Sioni ubaya wa plastiki mradi iwe nyepesi na ifuate mlalo wa bega. Iliyo nzito huinamisha pua.

Hilo la pua linanipeleka kwenye mshipi. Wavuvi wengi hupachika kiungo kinachojizungusha moja kwa moja kwenye tundu la ndoana, kwa kuogopa mshipi kusokotana. Kwa kijiko ni sawa. Kwa chambo cha manyoya ni kukiharibu, kwa sababu chuma hicho huvuta kichwa chini, na samoni anaona smelti mwenye kidonge mdomoni. Kiungo kikae mbali, pale mshipi mkuu unapokutana na kipande cha mbele kisicho na rangi. Kipande hicho kiwe kirefu, futi 25 au 30 na zaidi, ili uzito wa mshipi mkuu usiufikie mwendo wa manyoya.

Kiangazi uso wa ziwa ukipata joto, samoni hushuka kwenye tabaka la maji ya ubaridi, na hapo hutumika mshipi wenye kiini cha risasi. Huo hubadilika rangi kila yadi 10, na mvuvi huhesabu rangi alizoziachia ili ajue chambo chake kiko kina gani. Lakini hesabu hiyo ina mtego. Mshipi wa risasi hupanda ukiongeza kasi na hushuka ukipunguza, na wengi hucheza na kasi ya mashua ili kutafuta kina. Wakifanya hivyo wanabadilisha chambo bila kujua. Kasi ni mali ya chambo. Ipange kwanza kwa macho, chambo kikiwa futi chache ubavuni mwa mashua, uone kinavyofunuka na kufunga. Ukishairidhia, usiiguse tena. Kina kitafute kwa rangi: achia moja zaidi, au rudisha moja.

Kiini cha risasi kimevikwa ala isiyovutika sana, na hiyo inaamua ufito. Ufito mgumu pamoja na mshipi usiovutika hung'oa ndoana mdomoni mwa samaki anayeruka, na samoni wa maziwani huruka tena na tena. Chagua ufito mrefu na laini, wenye kupinda mpaka karibu na mpini. Breki ya rili iwe legevu kuliko unavyodhani inafaa. Ikaze kidogo kidogo samaki akishachoka. Jioni ilegeze kabisa kabla ya kuiweka rili, kwa kuwa visahani vya ndani vikikaa vimebanwa wiki nzima hushikana, na safari ijayo breki itaanza kwa kukwama na kuachia kwa mshtuko. Samaki wengi wanaosemekana wamekata mshipi wameukata katika mshtuko huo wa kwanza.

Matunzo ya chambo chenyewe yanaanzia jioni hiyohiyo. Adui ni unyevu. Ndoana ikirudishwa sandukuni mbichi, kutu haibaki kwenye chuma; hupenya kwenye hariri, na chungwa lile linakuwa kahawia, kisha singa nyeupe zinachukua doa. Hapo ile nusu ya chambo inayoonekana kutoka chini imekufa, ingawa ukitazama ubavu utaapa ni kizima. Kisuuze kwa maji safi, kipanguse kuelekea mkiani, na ukichomeke wazi mahali penye upepo mpaka kikauke hadi ndani. Kama bawa limekunjamana kwa kubanwa, lipitishe kwenye mvuke wa birika na vidole viongoze mlalo wake. Unyoya wa jogoo hukumbuka umbo lake ukipewa joto na maji. Utepe wa madini uliotumika zamani huchakaa na kuwa mweusi, wa kisasa wa plastiki haufifii hivyo, na hapa nakubali bila shingo upande kwamba badiliko hilo limekiboresha chambo.

Kichwa kiangalie kwa jua. Vanishi ikipasuka, maji huingia kwenye uzi, uzi hulegea, na mabawa huteleza kidogo tu, kiasi ambacho jicho linaweza kukosa lakini maji hayakosi. Ukiona chambo kilichokuwa kikienda sawa kimeanza kuegemea upande mmoja, tafuta ufa hapo kabla ya kulaumu mashua. Tone la vanishi kwa wakati hutosha. Jicho la kuku-mwitu likichanika huungwa kwa tone hilohilo, likisambazwa kwa ncha ya sindano. Kipande cha mbele cha mshipi pitisha kati ya midomo, ambayo hutambua mkwaruzo ambao vidole vigumu vya mvuvi haviuhisi. Futi mbili za mwisho ndizo zinazopita kwenye meno ya samoni. Zikiwa na chembe ya ukakasi, kata na ufunge upya.

Limebaki jambo moja ambalo wahakiki wa ukutani hawana la kusema juu yake, kwa kuwa haliko kwenye fremu nyingi. Wavuvi wa kukokota huongeza ndoana ya pili nyuma ya kwanza, iliyounganishwa kwa waya mwembamba, kwa sababu samoni mara nyingi hushambulia mkia na kuachia. Je, hiyo inaivunja fani ya Stevens? Ikifanywa vibaya, ndiyo: waya mgumu hukifanya chambo kizima kuwa kijiti, na bawa lililobaki na urefu wa zamani huiacha ndoana ya nyuma ikifuata uchi. Ikifanywa vizuri, manyoya na singa hurefushwa mpaka zifikie mpindo wa ndoana ya nyuma na kuishia hapo, si pungufu wala zaidi, waya huwa wa kupinda, na ncha ya nyuma hugeuzwa juu ili ijifiche kati ya mabawa. Waya huo uchunguze kila jioni pale unapotokea nyuma ya ndoana ya kwanza, ndipo unapojikunja; ukishakunjika mara moja usiunyooshe, badilisha. Na ncha ya nyuma inolewe kwa tupa ndogo mpaka ikiwekwa juu ya ukucha wa dole gumba na kuvutwa kidogo ishike bila kuteleza. Ikiteleza, irudie tupa kabla chambo hakijaingia majini.